WAJUMBE WA HUDAIBIYA NA KAZI YA UPATANISHI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu wa jumuiya wameniomba niandike maneno machache katika kijitabu hiki cha ukumbusho, nao wameniachia nichague jambo nilipendalo. Nimefikiri, nikaona kwamba wengine wataandika habari za msikiti, na madrasa, na wazee waliotutangulia. Na habari hizo wanazijua kuliko mimi. Basi mimi nitaandika juu ya watu ambao aghlabu hawatajwi, nao ni wajumbe na wapatanishi, wale waendao na kurudi kati ya watu waliogombana. Mshindi wa vita huimbwa, na mfalme hutiwa katika tarikh. Lakini aliyevizuia vita visiwe, ni nani amkumbukaye?

Nimechagua kisa cha Hudaibiya. Katika visa nilivyosoma sijaona kingine ambamo wajumbe walikuwa wengi namna hii, kila mmoja na tabia yake, na kila mmoja akatuachia funzo lake.

Safari Isiyo ya Vita

Katika mwezi wa Dhulqaada, mwaka wa 6 wa Hijra, nao ni mwaka 628 wa Miladi, Bwana Mtume (S.A.W.) alitoka Madina pamoja na watu wapatao 1,400, wakikusudia Umra. Walihirimia Dhulhulaifa, wakawatia alama ngamia 70 wa kuchinjwa, wala hawakuchukua silaha ila panga zilizo ndani ya ala zake, kama ilivyokuwa desturi ya msafiri. Ulikuwa mwaka wa sita tangu Muhajirina waihame Makka. Kuna aliyeacha huko mama yake, na kuna aliyeacha nyumba na mali. Na baina yao na Maquraishi palikwisha pita Badri, na Uhud, na vita vya Handaki, na kila upande ulikuwa na maiti wake wa kulilia.

Maquraishi walipopata habari walijiona wamebanwa pande mbili. Wakiwaacha Waislamu waingie, Waarabu watasema Muhammad ameingia Makka kwa nguvu. Wakiwazuia, watasema walinzi wa Al-Kaaba wamewafukuza watu waliokuja kuizuru, nao wamevaa ihramu. Wakaamua kuzuia, wakamtuma Khalid bin Walid na wapanda farasi kama 200. Bwana Mtume akaiacha njia kuu, akashika njia ngumu ya majabali, hata alipofika Hudaibiya, magharibi ya Makka katika njia ya Jidda, ngamia wake Qaswaa akapiga magoti. Hapo Bwana Mtume akawaambia watu kuwa Maquraishi hawatamwomba leo jambo lolote lenye kuyaheshimu matukufu ya Mungu, wala la kuunga udugu, ila atawakubalia. Wakapiga kambi karibu na kisima chenye maji machache, wakangoja.

Hebu tuangalie hali yenyewe ilivyokuwa. Pande mbili zimekaribiana, na baina yao mna damu. Hakuna anayeweza kwenda kwa mwenziwe na kusema naye ana kwa ana. Neno moja baya lingetosha kuwasha moto. Huo ndio wakati ambao mjumbe huhitajiwa.

Wajumbe wa Maquraishi

Wapokezi wanakhitilafiana katika mpango wa kufika kwao, nani alitangulia na nani alifuata. Lakini aghlabu anayetajwa kuwa wa kwanza ni Budail bin Warqaa, mtu wa kabila la Khuzaa. Khuzaa walikuwa wenyeji wa sehemu zile, nao walikuwa wakimwamini Bwana Mtume na yeye akiwaamini. Budail alisikia kwa Bwana Mtume kwamba hakuja kwa vita, na kwamba Maquraishi wakitaka atawapa muda wa amani. Akarudi Makka. Wapumbavu miongoni mwao wakasema hawana haja ya kusikia habari zake. Wenye akili wakamtaka aseme. Akasema yote kama alivyoyasikia, wala hakupunguza. Maquraishi hawakuridhika, lakini tangu saa ile mlango ulikwisha funguliwa.

Alikuja pia Hulais bin Alqama, mkubwa wa Ahabishi, watu waliokuwa na mapatano na Maquraishi. Bwana Mtume alimjua kuwa ni mtu wa kaumu inayotukuza ibada, akaamuru ngamia wa kuchinjwa wapelekwe mbele yake. Hulais akawaona wakija bondeni na vigwe shingoni, wamekonda kwa kuzuiliwa muda mrefu. Hakufika hata kwa Bwana Mtume. Alirudi pale pale. Akawaambia Maquraishi kwamba watu wale si wa kuzuiliwa na Nyumba ya Mungu. Wakamdharau, wakamwambia akae chini, yeye ni bedui asiyejua kitu. Akakasirika, akaapa kuwa wasipowaachia watu njia, ataondoka na Ahabishi wote. Basi ikabidi wambembeleze. Tazameni, ndugu zangu: mtu huyu alitumwa na upande mmoja, lakini macho yake hakuyauza.

Kisha kuna Urwa bin Masud wa Thaqif, mtu wa Taif, mwenye heshima na umri. Naye alianza vibaya. Alimwambia Bwana Mtume kwamba watu waliomzunguka ni mchanganyiko wa watu ambao watamkimbia vita vikipamba moto. Sayyidna Abubakar akaghadhibika, akamrudishia jawabu kali. Tena Urwa, kwa desturi ya Waarabu, akawa akinyoosha mkono kugusa ndevu za Bwana Mtume katika mazungumzo. Na Mughira bin Shuuba, ambaye ni wa ukoo wake mwenyewe, akawa akimpiga mkono kwa ala ya upanga. Mtu mwingine angerudi kwao akasema: nimetukanwa, nimepigwa, twendeni vitani. Urwa hakufanya hivyo. Alikaa akitazama jinsi masahaba wanavyomheshimu Bwana Mtume, jinsi wanavyoshusha sauti mbele yake na kukimbilia amri yake. Aliporudi aliwaambia Maquraishi kuwa amekwisha ingia kwa Kisra, na kwa Kaisari, na kwa Najashi, wala hakupata kuona mfalme anayetukuzwa na watu wake kama Muhammad anavyotukuzwa na masahaba wake. Na kwamba wamepewa shauri jema, basi walikubali.

Hapa pana jambo kubwa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Urwa aliacha njiani yale matusi aliyotukanwa, lakini hakuliacha lile shauri. Neno la hasira alilizika. Neno la maana alilifikisha.

Wajumbe wa Bwana Mtume

Bwana Mtume naye alituma. Kwanza alimtuma Khirash bin Umayya wa Khuzaa, akampandisha juu ya ngamia wake mwenyewe. Maquraishi wakamkata ngamia yule miguu, wakataka kumwua Khirash, na lau si Ahabishi kumkinga, wangalimwua. Waswahili husema mjumbe hauawi. Na Waarabu wa zamani zile walilijua hilo vile vile, lakini hasira ikipanda desturi husahauliwa.

Ndipo Bwana Mtume alipotaka kumpeleka Sayyidna Omar. Naye akatoa udhuru wa kweli: Maquraishi wanajua uadui wake juu yao, na katika jamaa zake hakuna Makka wa kumlinda. Akamtaja Uthman bin Affan, ambaye ukoo wake wa Bani Umayya ulikuwa na nguvu mjini. Wala udhuru huo si woga, kwani Omar hakuwa mtu wa kuogopa. Ni kujua kwamba kazi hii hairidhiki na ushujaa peke yake. Mjumbe hupelekwa mahali atakaposikilizwa, na si kila aliye bora hufaa kwa kila mlango.

Sayyidna Uthman akaingia Makka katika himaya ya jamaa yake, Aban bin Said. Maquraishi wakamwambia, akitaka, aizunguke Al-Kaaba. Alikuwa ameikosa kwa miaka, nayo iko mbele ya macho yake. Lakini alikataa kutufu kabla ya Bwana Mtume. Angalipokea zawadi ile kwa nafsi yake, angaliacha kuwa mjumbe wa watu 1,400 waliozuiliwa kule nje.

Wakamkawiza huko. Na mjumbe akikawia, uvumi humtangulia. Ikaenea kambini kwamba Uthman ameuawa. Bwana Mtume akakaa chini ya mti, na Waislamu wakambai, nayo ndiyo Baiatu Ridhwani. Watu waliokuja kwa Umra sasa wako tayari kufa, na sababu yake ni habari ambayo haikuwa kweli. Kisha ikajulikana kuwa Uthman yu hai. Siku ile vita vilikuwa karibu kuliko siku yoyote. Basi ajuae madhara ya uvumi na asome tena Sura ya Hujurati, ambamo Mwenyezi Mungu ametuamuru kuchungua habari kabla ya kuitenda, na ndani ya Sura hiyo hiyo akatuamuru kupatanisha baina ya makundi mawili ya waumini yanayopigana. Amri hizi mbili haziachani.

Suhail na Mkataba

Mwisho Maquraishi wakamtuma Suhail bin Amru, msemaji wao mkubwa, tena mwenye idhini ya kufunga mapatano. Bwana Mtume alipomwona alijua kwamba watu wale wameazimu sulhu.

Suhail hakuwa mtu laini. Sayyidna Ali alipoandika Bismillahi Rahmani Rahim, Suhail alikataa, akataka iandikwe kwa namna waliyokuwa wakiandika wao. Bwana Mtume akakubali. Ali alipoandika jina la Muhammad Mtume wa Mungu, Suhail alikataa tena, akitoa hoja kwamba wangalimkubali kuwa Mtume wasingalimzuia. Masahaba wakachemka. Bwana Mtume akaamuru jina liandikwe Muhammad bin Abdallah.

Yakaandikwa masharti. Vita viwekwe chini kwa miaka 10. Waislamu warudi mwaka huu bila ya Umra, na mwaka ujao waingie Makka siku 3, panga zao zikiwa alani. Atakayetoka kwa Maquraishi kwenda kwa Muhammad bila ya idhini ya walii wake arudishwe. Na atakayetoka kwa Muhammad kwenda kwa Maquraishi asirudishwe. Na kila kabila lina hiari ya kuingia katika ahadi ya upande ulitakao. Khuzaa wakaingia upande wa Bwana Mtume, na Bani Bakr upande wa Maquraishi.

Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, naye ni mtoto wa Suhail mwenyewe, aliyekuwa amefungwa na baba yake kwa kusilimu. Alikuja akijikokota kwa minyororo, akajitupa kati ya Waislamu. Suhail akasema huyu ndiye wa kwanza wa kurudishwa. Bwana Mtume akamwombea, Suhail akakataa. Basi akarudishwa, huku akilia na kuwaita Waislamu, nao wakilia. Bwana Mtume akamwambia asubiri, Mwenyezi Mungu atamfanyia faraja. Kwani watu wamekwisha peana ahadi, nasi hatuvunji ahadi.

Hakuna saa iliyokuwa nzito kuliko ile. Sayyidna Omar alikwenda kwa Bwana Mtume na kwa Abubakar, akiuliza kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu. Na Bwana Mtume alipowaamuru watu wachinje na kunyoa, hapana aliyesimama. Akaingia hemani kwa mkewe, Bibi Ummu Salama, akamweleza. Bibi akampa shauri: atoke, asiseme na mtu, achinje ngamia wake na amwite wa kumnyoa. Akafanya hivyo, na watu walipomwona, wakainuka wote. Naye Bibi huyu, kwangu mimi, ni katika wapatanishi wa Hudaibiya. Maana kufunga sulhu na adui ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuirudisha nyumbani kwa watu wako na kuwafanya waikubali.

Katika njia ya kurudi ikateremka Sura ya Fat-hi, ikaliita jambo hilo ushindi ulio wazi. Na kweli, katika amani ile watu walionana na kusemezana bila ya hofu, wakaingia katika dini wengi. Waliofika Hudaibiya ni 1,400; baada ya miaka 2, Makka ilipofunguliwa, waliokuja walikuwa 10,000. Abu Jandal naye akapata faraja yake: alitoroka, akaungana na Abu Basir huko pwani, wakazizuia njia za misafara, hata Maquraishi wenyewe wakamwomba Bwana Mtume awachukue kwake na sharti lile liachwe. Mkataba ulipovunjwa, waliouvunja walikuwa Bani Bakr, waliowashambulia Khuzaa wakisaidiwa na watu wa Maquraishi.

Urwa na Suhail wote wawili wakaja wakasilimu. Urwa aliuawa na watu wake wa Taif alipokuwa akiwalingania. Na Suhail, siku alipofariki Bwana Mtume na watu wa Makka wakawa karibu kurtadi, ndiye aliyesimama akawatuliza. Ulimi ule uliofuta maneno katika mkataba ndio uliowathibitisha watu katika dini.

Kosa Langu Mwenyewe

Huenda mtu akauliza: je, mpatanishi hana ruhusa ya kupamba maneno? Ruhusa ipo. Imepokewa na Bibi Ummu Kulthum binti Uqba kwamba Bwana Mtume alisema si mwongo yule anayesuluhisha baina ya watu, akapeleka la kheri au akasema la kheri. Na Bibi huyu mwenyewe anahusika na Hudaibiya, kwani baada ya sulhu alihama Makka kwenda Madina, na ndugu zake wawili wakamfuata kumdai. Lakini hakurudishwa, kwa amri iliyoteremka katika Sura ya Mumtahina juu ya wanawake waumini waliohama.

Lakini ruhusa hii ina mpaka, nami niliujua mpaka huo kwa kuukiuka. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, nikisoma chuoni hapa Buyenzi, palikuwa na ndugu wawili, mafundi wa cherehani, wamegombana juu ya nyumba ya marehemu baba yao. Mkubwa alikuwa akikaa ndani yake, na mdogo akidai fungu lake. Mwalimu wangu alinituma kwa yule mkubwa, nikasikie neno lake nilipeleke kwa mdogo. Akaniambia: mwambie nitampa vyumba viwili vya mbele, lakini kwanza anilipe nusu ya fedha za mabati niliyoezekea. Na juu ya hayo akaongeza tusi.

Njiani nikaliacha tusi. Na hilo nililifanya vyema. Lakini nikaliacha na sharti. Nilijiambia: wakishaonana na kushikana mikono, habari ya mabati itajimaliza yenyewe. Nikamwambia mdogo: kaka yako amekubali, vyumba viwili ni vyako. Akalia kwa furaha. Kesho yake asubuhi akaja na vyombo vyake juu ya mkokoteni, na mkewe, na watoto. Na mlango ukafungwa mbele ya uso wake, mtaa mzima ukitazama.

Hawakusemezana miaka mitatu. Mama yao alipokufa, matanga yalikaliwa mahali pawili. Mwalimu wangu hakunipiga wala hakunikaripia. Alinishika mkono akanipeleka kwa kila mmoja wao, nikasema kwa kinywa changu nilivyofanya. Mdogo akaniambia neno ambalo sijalisahau: Mwanangu, ungaliniambia habari ya mabati, ningalikopa nikalipa.

Tangu siku hiyo nikisoma Hudaibiya nafahamu kwa nini Bwana Mtume aliyaacha maneno mawili matukufu yafutwe, wala hakuacha hata sharti moja kufichwa, ingawa lilimtoa machozi Abu Jandal. Heshima ya maneno yaweza kungoja. Sharti lililofichwa halingoji. Hulala chini ya sulhu kama kaa chini ya majivu.

Sisi na Kazi Hii

Katika nchi yetu ya Burundi kazi hii ina mizizi ya kale. Wazee wa milimani walikuwa na bashingantahe, watu waliochaguliwa kwa uadilifu wao, wakasuluhisha magomvi ya mashamba na ng'ombe na ndoa. Jina lao limetokana na kuisimika intahe, ile fimbo ya haki. Hawakuhukumu mmoja mmoja. Walisikiliza pande zote, wakajitenga, wakashauriana hata wakaafikiana. Na katika Qurani, Sura ya Nisaa, aya ya 35, tumeamriwa katika ugomvi wa mume na mke tuweke mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Hekima hizi mbili zinakutana: haki husikika kwa masikio mawili.

Nasi tumeona mambo yanavyokuwa wapatanishi wakikosekana, au wakichelewa. Tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa, tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita vilivyotumaliza. Mwalimu Julius Nyerere alijitwika mzigo wa kuwapatanisha Warundi, akafariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi haijaisha. Akaipokea Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Hata hapo bunduki hazikunyamaza, maana waliozishika hawakuwa wote mezani. Ikabidi wajumbe waende tena na tena kwa miaka mingine. Hilo lisituvunje moyo: Hudaibiya nako mjumbe wa kwanza hakumaliza kazi, wala wa pili, wala wa tatu.

Basi ndugu zangu, vijana kwa wazee: katika mitaa yetu ugomvi hautakosekana, wa mirathi, wa ndoa, wa mpaka wa kiwanja, na wakati mwingine, Mungu atusitiri, wa uongozi wa misikiti. Atakayeitwa kuwa mjumbe asikatae, lakini naajipime kwanza kama Omar alivyojipima: je, nitasikilizwa huko? Asipokee zawadi ya upande mmoja, kama Uthman alivyoikataa. Aseme aliyoyaona, kama Hulais, hata kama waliomtuma watachukia. Tusi alizike njiani, na sharti alifikishe kama alivyopewa.

Nao wale ndugu wawili mafundi wa cherehani walipatana baada ya miaka ile, kwa juhudi ya mwalimu wangu, na mdogo akalipa fedha za mabati. Wamekwisha fariki wote wawili. Watoto wao wanaishi katika nyumba ile hata leo, mlango mmoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu wao na mwalimu wangu, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaosuluhisha, wala si miongoni mwa wanaochochea. Amin.

Wabillahi tawfiq.